Saa 26 kwa Ajili ya Watoto Wetu

Wananchi wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja Mjini na miji mingine ya nchi yetu, nawaombeni mnisikilize juu ya jambo ambalo limeingia majumbani mwetu polepole, tukalipokea kwa furaha na kulisifu kana kwamba ni neema, hali ya kuwa aghalabu ni mwanzo wa maradhi: unene wa watoto uliopita kiasi. Desturi yetu tangu kale ni kumtazama mtoto aliyejaa mashavu tukasema amenawiri, na kumwona mwembamba tukamhurumia mama yake. Na desturi hiyo ilikuwa na sababu ya haki, maana wazee wetu walizika watoto wengi kwa njaa, surua na safura, na mwili wenye nyama ulikuwa akiba ya siku za dhiki. Lakini akiba isiyotumiwa kamwe huwa mzigo kwa mwenye kuichukua, na siku hizi matabibu hukutana na watoto wa miaka 12 wenye shinikizo la damu, na vijana wa miaka 15 wenye kisukari cha namna ile ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ni ya watu wazima peke yao.

Najua nitajibiwa kuwa nchi ambayo watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, kama uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulivyoonyesha, haina wasaa wa kuhangaikia watoto wanene. Jawabu langu ni kuwa misiba hii miwili hukaa mtaa mmoja, na mara nyingine nyumba moja, kwa kuwa yote miwili hutokana na chakula kisichofaa. Na mtoto aliyenyimwa haki ya lishe akiwa mchanga, kisha akalelewa kwa chai yenye sukari tele, maandazi na chipsi, yumo katika hatari ya kunenepa tumboni ilhali urefu wake umekwisha kupunjwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito ulimwenguni walipita milioni 390, na wengi wao hawakuwa watoto wa matajiri.

Tazameni siku ya mtoto wa mjini inavyokwenda. Huamshwa kabla ya alfajiri, akapakiwa katika basi la shule, akaketi darasani hadi alasiri, akaketi tena katika tuisheni, akarejea nyumbani magharibi kuketi mbele ya runinga au simu ya mkubwa wake mpaka usingizi umchukue akiwa amechelewa. Na kati ya vikao hivyo vyote hupewa fedha kidogo za kununua chochote anachokiona langoni mwa shule. Wataalamu wamesema kuwa mtoto wa umri wa kwenda shule anahitaji walau dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku. Atazipata wapi, maadamu uwanja tuliouchezea rede, kombolela na mpira wa makaratasi umejengwa fremu za maduka, na barabara ya mtaa imekuwa njia ya pikipiki? Akiona kiu hupewa soda, na chupa moja ya mililita 350 aghalabu ina gramu 35 za sukari au zaidi, yaani karibu vijiko 9 vya chai, kiasi ambacho kwa mtoto mdogo kinakaribia kumaliza haki yake yote ya sukari ya siku nzima. Haya hakuyachagua yeye. Ni sisi watu wazima tuliompangia.

Kwa hiyo nasema kwa uchungu kuwa ni dhuluma kumwita mtoto huyo bonge au tipwatipwa, kumcheka akikimbia, na kumnyang'anya sahani mbele ya wageni hali ndugu zake wanaendelea kula. Izara haijapata kumponya mtu. Humfundisha kula kwa kujificha na kuikimbia michezo ambayo ingemfaa. Tena, mtoto angali anakua, na aghalabu matabibu hawatafuti apunguze mwili kwa haraka, bali uzito wake usimame mahali pamoja wakati kimo kinapanda, hata viwili hivyo vipatane. Basi dawa za kupunguza mwili zinazonadiwa mitaani na kumshindisha mtoto njaa ni mambo ya kuepukwa kabisa, na mtoto ambaye hali yake inatia shaka apelekwe kwa tabibu.

Linalofaa limekwisha kujulikana. Jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri mwaka 2024 kuwa mtoto wa miaka 6 na zaidi aliyenenepa kupita kiasi apatiwe, katika muda wa mwaka mmoja, saa zisizopungua 26 za mafunzo ya mwenendo wa maisha: kula, kucheza, na jinsi ya kuacha mazoea mabaya. Na mtafiti Leonard Epstein na wenziwe, waliofuatilia watoto wanene wa mji wa Pittsburgh huko huko Marekani kwa miaka 10 na kutoa habari zao mwaka 1990, waliona kuwa waliofuzu zaidi ni wale ambao mzazi na mtoto walibadili mwenendo wao pamoja.

Saa 26 ni saa moja kila juma kwa nusu mwaka. Hospitali zetu haziwezi kubeba kazi hii peke yake, lakini mtaa unaweza kubeba sehemu yake kubwa, na ushahidi uko katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejua kusoma, walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomeana vijitabu, wakashauriana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Na mwaka 1975 wakakusanyika tena kwa kampeni ya Chakula ni Uhai.

Naomba tukusanyike namna ile ile. Kila mtaa uchague saa moja ya juma, wazazi na watoto waje pamoja, nusu yake iwe michezo na nusu yake mazungumzo na mapishi, chini ya uangalizi wa mwalimu na mhudumu wa afya wa jamii. Wasichana wanaobaleghe watengewe mahali pa sitara na wasimamizi wanawake, kwani wao ndio wa kwanza kuacha kucheza, na aghalabu hatuwaulizi sababu. Mama auzaye langoni mwa shule asifukuzwe, maana naye ana watoto wa kulisha. Kamati ya shule ikubaliane naye auze mihogo ya kuchemsha, ndizi, machungwa, karanga na maji, na wazazi tuwe wanunuzi wake waaminifu. Na kiwanja kilichosalia, hata kiwe kidogo namna gani, kiandikwe katika daftari la mtaa kuwa ni cha watoto, tena tukilinde kwa umoja wetu.

Mkutano wa mtaa utakapoitwa, simameni mlitaje jambo hili, mchague siku, mahali na mtu wa kuandika majina, na majina yaandikwe ya watoto wote wa mtaa, wanene kwa wembamba, ili asiwepo hata mmoja atakayeitwa kwa sababu ya mwili wake.