Nani Atawapokea Vijana Hawa?

Wasomaji, yako mambo ambayo twafanya nusu yake vizuri, tukaiacha nusu ya pili, kisha tukajisifu kwa ile ya kwanza. Mojawapo ni malezi ya yatima na watoto walioachwa. Katika Upare, kama katika nchi yetu yote, mtoto asiye na wazazi akipokewa katika makao ya watoto, au katika nyumba ya malezi ya kambo, watu husifu. Sikukuu ikifika twapeleka sukari, sabuni na nguo. Lakini siku atimizapo miaka 18, sifa hukoma na sukari hukoma. Hupewa sanduku lake, pengine na nauli, akasimama kituoni pale Same kungoja basi la Arusha au Dar es Salaam, mahali ambapo hapana amngojaye.

Wako wasemao, "Sheria imesema huyu ni mtu mzima." Ni kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria ile yaonyesha mwisho wa utoto tu. Haikusema kwamba siku ile akili ya kuishi peke yake humshukia mtu kama mvua. Nawauliza hao: je, mwana wenu wa kumzaa mlimtoa nyumbani siku ile? La, hasha. Mlimtafutia fundi wa kumfunza kazi, mkamwonyesha shamba. Alipoishiwa aliwapigia simu, na alipotaka kuoa, baba wadogo na wajomba walikwenda kumsemea. Basi lililo haki kwa mwana wenu, kwa nini liwe anasa kwa yatima?

Wengine wasema, "Hawa wamezoea kupewa, ni wavivu." Neno hili ni baya, tena si la haki. Aliyekulia mahali ambapo kengele humwamsha, chakula hupakuliwa na wengine, na ada hulipwa na mfadhili asiyemwona, atajifunza wapi kununua chumvi gulioni, kupatana kodi ya chumba, au kuweka akiba? Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu hana mama. Nasi tuliojitwalia nafasi ya mama twauachia ulimwengu kazi iliyo yetu. Nao ulimwengu hufunza kwa fimbo: binti aweza kuishia katika nyumba ya watu, akifanya kazi bila mshahara, na kijana mwanamume kuishia kijiweni.

Tena tazameni jinsi njia zilivyofungwa. Ili apate kitambulisho cha taifa yampasa kuonyesha vyeti vyake, na kutambuliwa na serikali ya mtaa au kijiji anakoishi. Pasipo namba ya kitambulisho hicho, hata laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake. Mikopo ya halmashauri ipo, na asilimia 4 ya mapato ya ndani imewekwa kwa ajili ya vijana. Lakini vijana hupewa kwa vikundi, na nani atamwingiza kikundini mtu asiyejulikana? Kila mlango wamwuliza, "Wewe ni wa nani?" naye hana jibu.

Tukumbuke hekima ya wazee wetu. Hapa Upare maji ya mfereji hukusanywa usiku katika ndiva, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Lakini afunguaye ndiva haendi zake kulala. Maji hufuatwa mferejini, palipobomoka pazibwe, hata yafike kwenye migomba na mahindi. Sisi tumejaza ndiva miaka 18, tumefungua, tumelala. Kisha twashangaa kwamba maji yamepotelea njiani.

Kinachotakiwa kwanza si fedha, ni mtu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 juu ya malezi ya watoto wasio na uangalizi wa wazazi yashauri kwamba kila mmoja, ikiwezekana, apewe mtu maalum wa kumsaidia ajitegemee. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2000 ya kuwapa vijana hao mshauri na mpango ulioandikwa. Na kwa sheria ya mwaka 2017 kijana wa England aweza kuwa na mshauri wake hata afikishe miaka 25. Mtasema, "Wale ni matajiri." Lakini sisi tuna msaragambo: barabara na mifereji twaitengeneza kwa mikono yetu, bila kungoja tajiri. Je, mtu ni duni kuliko mfereji?

Basi yatupasa hivi. Kijana afikapo miaka 16, atafutiwe msimamizi mwenye sifa njema, ajulikane kwa afisa ustawi wa jamii na kwa serikali ya kijiji, ili asije akamgeuza kijana kuwa mtumishi wake. Amsaidie kupata vyeti, amtafutie fundi au shamba la kulima, amfunze kutunza fedha. Na baada ya kutoka, amwulize hali kila mwezi kwa miaka mitatu, tena sikukuu amwite nyumbani kwake.

Nanyi mpelekapo zawadi katika makao yaliyo jirani nanyi, ulizeni neno moja: wale waliotoka miaka mitano iliyopita wako wapi? Mkijibiwa kwamba hawajulikani waliko, msiwacheke wenye makao. Aibu hiyo ni yetu sote tuliopeleka sukari.