Nguvu ya Dhana Isidharauliwe

SAFU YA JUMA
Na Bakari Mwinyimvua

Waswasi humjia mtu kama mdai asiye haya: saa ile ile ya usiku, na daftari lile lile, akisoma deni lile lile, kwamba hufai, kwamba utashindwa, kwamba watu wanakucheka, na mdaiwa, ingawa anajua moyoni kwamba hesabu ile imejaa uwongo, humfungulia mlango kila mara na kumsikiliza mpaka alfajiri. Jamaa na marafiki humwambia aache kuwaza, ilhali fikra haiondoki kwa kuamriwa, na mwenye jitimai lau angaliweza kuiacha asingalihitaji nasaha yao. Miongoni mwa tiba zinazotajwa siku hizi kwa maradhi haya imo ile ya hipnosisi, ambayo kwayo mtu huongozwa kwa maneno ya taratibu mpaka mazingatio yake yote yakakusanyika mahali pamoja, kisha akapewa mapendekezo ya kumfaa. Wengi huicheka, kwa kuwa waliiona jukwaani ikiwafanya watu wazima wawike mithili ya majogoo. Madhumuni yangu juma hili ni kuonyesha kwamba kicheko hicho hakina insafu.

Asili ya kicheko chenyewe ni hukumu ya zamani. Franz Anton Mesmer, tabibu aliyetoka Vienna akahamia Paris mwaka 1778, alidai kwamba miili ya viumbe hupitiwa na kimiminika kisichoonekana, ambacho yeye aliweza kukiongoza kwa namna ya sumaku. Na wagonjwa waliomwendea walitetemeka, wakalia, wakazimia, na aghalabu wakasema wamepata nafuu. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliteua baraza la kulichunguza jambo hilo, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, na Antoine Lavoisier, bingwa wa kemia. Katika bustani ya Franklin huko Passy, kijana wa miaka 12 aliarifiwa kwamba mti mmoja umetiwa nguvu ile, akafungwa macho na kupitishwa mti baada ya mti. Naye akaanguka na kuzimia mbele ya mti ambao haukutiwa chochote. Baraza likahukumu kwamba kimiminika hakipo, na kwamba yaliyoonekana yalizaliwa hasa na dhana ya mgonjwa mwenyewe.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, illa walimwengu waliisoma nusu. Ikiwa dhana peke yake, pasipo sumaku wala dawa, yaweza kumwangusha kijana chini, basi kilichogunduliwa bustanini siku ile hakikuwa utupu, bali nguvu. Charles d'Eslon, mfuasi wa Mesmer ambaye matendo yake ndiyo yaliyochunguzwa, aliuliza ni kwa nini tabibu asiitumie dhana iwapo dhana ndiyo iponyayo; na swali lake, lililokuwa aali kuliko mafundisho ya mwalimu wake, likaachwa bila ya jibu. Ilipita miaka karibu 60 ndipo James Braid, Mskoti aliyekuwa tabibu wa upasuaji mjini Manchester, alipochapisha mwaka 1843 kitabu kilichoitupa sumaku na kulirejesha jambo lote katika mazingatio ya mgonjwa.

Wataalamu wa zama zetu wameendelea kutoka hapo. Mtu ajuaye kusoma hawezi kulitazama neno asilisome: andika "nyekundu" kwa wino wa kijani, umtake ataje rangi ya wino tu, na ulimi wake utasita, kwa sababu neno limekwisha kusomwa kabla hajapenda. Mwaka 2005 Amir Raz na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu waliambiwa, kwa njia ya hipnosisi, kwamba herufi watakazoziona ni alama za lugha ngeni wasiyoijua. Kwa wale walio wepesi wa kuipokea hali hiyo, kusita kulipungua sana, na picha za ubongo zikaonyesha kupoa kwa sehemu ya ndani ishughulikayo na mgongano wa fikra. Wale wagumu hawakupata hayo. Sasa, madhali mazoea yaliyokomaa tangu utotoni yaweza kusimamishwa kwa maneno, fikra ya "sifai", ambayo nayo ni mazoea yanayojisoma kabla mwenyewe hajapenda, haistahili kuitwa majaaliwa.

Wengine waliutazama ubongo wenyewe. David Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima watu 545, wakawachagua 57, ama wepesi sana ama wagumu sana. Na mwaka 2016 walieleza kwamba kwa wale wepesi, wakiwa katika hipnosisi, uhusiano ulilegea baina ya sehemu ya ubongo inayosimamia utendaji na mtandao unaoamka mtu anapojitafakari nafsi yake, mtandao ambao watafiti wa ugonjwa wa huzuni wameuhusisha na kule kuyatafunatafuna majuto. Haifuati kwamba mtu aliponywa ndani ya mashine. Linalofuata ni kwamba upo muda ambamo binadamu husikia na kutenda pasi na kujihukumu kwa kila hatua, na muda huo, kwa tabibu mwenye elimu, una thamani kubwa.

Tabibu huyo hautumii kumwamuru mgonjwa asahau. Kwanza, katika mazungumzo ya kawaida, wote wawili huisaka fikra yenyewe, inakuja lini na inasema nini, wakaipima kwa ushahidi wa maisha, kwa mwendo wa tiba aliyoiasisi Aaron Beck huko Marekani katika miaka ya 1960. Kisha, katika utulivu wa hipnosisi, mgonjwa hulikabili akilini tukio lile limtishalo, akajiona akilipita kwa fikra nyingine waliyoafikiana. Na hatima yake hufundishwa kuirudia hali hiyo nyumbani peke yake. Wala hili si geni kama linavyodhaniwa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi kwamba mtu ajiwekee akiba ya fikra njema wakati wa salama, kama awekavyo dawa kabla ya ugonjwa, ili zimfae siku ya ghadhabu, hofu na waswasi.

Insafu ninayoitaka kwa ajili ya tiba hii naitaka pia dhidi yake. Mwaka 1995 Irving Kirsch na wenzake walikusanya tafiti 18, wakakuta kwamba tiba ya fikra na mwenendo ikitiwa hipnosisi, mgonjwa wa wastani alifaulu kuliko angalau asilimia 70 ya waliotibiwa bila ya hiyo. Hesabu zilizofuata zilikishusha kiwango hicho, lakini hazikuifuta faida. Hipnosisi, basi, ni msaidizi wa tiba, na wala haisimami mahali pake. Watu nao hawafanani: wachache huipokea upesi mno, wachache haiwashiki, na walio wengi wamo katikati. Mwenye maradhi ya kusikia sauti zisizokuwapo asiingizwe humo pasipo idhini ya daktari wake. Na yeyote anayeahidi kukufukulia kumbukumbu zilizopotea tangu utotoni mkimbie, kwani imethibiti kwamba katika hali hiyo akili huweza kubuni kisa kisichotukia na kukishika kwa yakini kamili.

Kwa hiyo, ewe msomaji uliyechoshwa na waswasi, kabla hujaketi kitini umwulize atakayekutibu amesomea nini zaidi ya hipnosisi, kwa kuwa asiyestahili kutibu huzuni bila ya hipnosisi hastahili kuitibu kwa hipnosisi. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayowataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, na kuomba kuonyeshwa cheti si utovu wa adabu. Asiyekuwa nacho mwache aende zake jukwaani. Aliye nacho msikilize, wala usimcheke.