Malkia Mzee Akiondoka

Mfugaji akiona nyuki wake wakitoka mzingani kwa kishindo na kushikamana juu ya tawi la mti, mara nyingi hulia kwamba nyumba yake imevunjika. La, haikuvunjika, imezaa. Anayeondoka ni malkia mzee pamoja na kundi kubwa la watenda kazi, naye humwachia binti yake urithi wote: masega, asali na watoto. Sisi wanadamu tungefanya kinyume, na kesi ingefika kwa chifu.

Jambo hili halitokei ghafula. Miombo ikichanua na mzinga ukisongamana, watenda kazi hujenga vyumba vya malkia penye ncha za chini za masega, vyenye umbo la karanga ndani ya ganda lake. Yai litiwalo humo halina tofauti na yai la mtenda kazi. Lakini buu lake hulishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho, na baada ya siku 16 hutoka malkia. Mtenda kazi huhitaji siku 21. Kwa desturi kundi huruka chumba cha kwanza kikiisha kuzibwa, yapata siku ya 8 au ya 9. Basi afunguaye mzinga mara moja kwa mwezi hatavumbua neno.

Wengine huviponda vyumba vyote. Hatuwasifu. Kama malkia mzee amekwisha kwenda, na mabuu machanga hayamo, mzinga hubaki yatima. Hatimaye watenda kazi hutaga wenyewe, wakazaa madume tu. Padri Johann Dzierzon wa Silesia alikwisha kuandika mwaka 1845 kwamba yai lisilorutubishwa huzaa dume. Afadhali kuhamisha masega mawili matatu yenye watoto, nyuki na chumba kimoja kizuri katika mzinga mwingine. Mwenye mizinga ya magome, asiyeweza kutoa sega bila kulivunja, na atundike mapema mzinga mtupu uliopakwa nta.

Lakini ukiona chumba kimoja au viwili tu, katikati ya sega, na mzinga haukusongamana, usiguse: nyuki wanambadili malkia aliyechoka.

Na wakiondoka wote pia, bila kuacha hata mlinzi? Huko si kuzaa, ni kuhama, na nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kuhama kwa njaa, kwa moshi mwingi au kwa siafu. Chunguza kwanza miguu ya mzinga, paka grisi.