Asiyeijua Kazi Hawezi Kuisimamia

Bwana aliyeandika juma lililopita kwamba mkuu wa idara ya kompyuta hana haja ya kuijua kompyuta, maadamu ajua kuongoza watu, amenena neno ambalo dhahiri yake ni tamu na batini yake ni hatari. Uongozi ni fani, sikatai; lakini asiye na ilimu ya kazi atatambuaje kwamba anaambiwa uongo? Na aitazame Posta ya Uingereza, ambako tangu 1999 programu ya hesabu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha usiokuwapo, hata bibi mmoja aliyesimamia tawi la posta, akifuata maagizo aliyopewa kwa simu, akaona deni lake likiongezeka maradufu mbele ya macho yake. Na wakuu, ambao wengi wao hawakuwa mafundi, wakashikilia kwamba mtambo ni salama. Watu zaidi ya 900 wakahukumiwa kwa upungufu huo, baadhi yao wakafungwa, kabla Mahakama Kuu haijathibitisha kasoro za programu hiyo Desemba 2019. Nawasihi waajiri: msimkabidhi mtu mitambo kabla hajawaeleza, kwa kinywa chake, jinsi inavyofanya kazi na jinsi inavyokosea.