Mshahara wa mwezi, kodi ya nusu mwaka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme lililonikaa kooni kabla halijapoa, maana nikilala nalo siku mbili nitaanza kusema "ndiyo maisha" kama tulivyozoea sote hapa Dar es Salaam.

Jana nilikwenda kuonyeshwa nyumba. Dalali alinitumia picha kwenye simu: chumba na sebule, jiko, choo cha ndani, marumaru zinang'aa, na chini yake kaandika "hatua chache kutoka lami". Kabla hajanyanyua mguu akataka shilingi 20,000 za kuonyeshwa, ambazo hazirudi hata ukakute gofu. Nikatoa. Kutoka kwenye hiyo lami tulipanda bodaboda, nauli yangu na yake juu yangu, tukateremka mpaka bondeni, barabara inapoishia na mto unapoanzia. Nyumba ipo kweli. Ila marumaru za kwenye picha ni za nyumba nyingine, na ukutani, chini ya rangi iliyopakwa juzijuzi, mstari wa maji ya mafuriko unaonekana usawa wa goti. Nilipomwonyesha dalali kwa kidole akasema, "Hiyo fangasi tu, dada."

Nilikuwa tayari kuishi na hiyo fangasi yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto wawili, na nyumba tunayokaa sasa mwenyewe anaigeuza vyumba vya kulaza wageni kwa siku. Hesabu yake naielewa. Mgeni wa usiku mmoja anamwachia fedha ambayo mimi huilipa kwa wiki nzima. Notisi ametutumia kwa ujumbe wa simu: mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Masika yajayo nitayafikiria yakifika.

Basi tukapelekwa kwa mwenye nyumba, mzee mpole wa sauti, tukakaribishwa viti. Akauliza kazi yangu, nikamwambia. Akauliza watoto, nikamwambia. Akauliza, "Na baba yao?" Nikamjibu nawalea mwenyewe. Mzee akamgeukia dalali kana kwamba mimi nimeshaondoka: "Si nilikwambia sitaki wanawake wasio na waume? Wanaleta wageni usiku." Mhariri, mimi naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala. Nikirudi jioni nina madaftari ya kusahihisha ya darasa lenye watoto zaidi ya mia. Huyo mgeni wa usiku nitampokea saa ngapi?

Dalali akabembeleza, mzee akalegea, yakaja masharti. Kodi 250,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye kodi ya mwezi mmoja. Jumla 1,750,000 kabla sijanunua hata pazia. Mshahara wangu, ukitoa makato na mkopo wa benki, haufiki theluthi ya hiyo. Nikaomba nilipe miezi mitatu. Mzee akatabasamu, akasema wanaoitaka nyumba wako foleni. Nilipotoka nje nimdai dalali angalau nusu ya ile 20,000, alikuwa ameshapanda bodaboda.

Sasa naomba nielezwe. Serikali inanilipa kwa mwezi. Mlinzi wa shule yetu analipwa kwa mwezi. Mama ntilie wa getini anapata ya siku kwa siku. Ni nani katika mji huu, tukiacha wakubwa wachache, anayeshika fedha ya miezi sita kwa pamoja? Hatuna, kwa hiyo tunakopa. Walimu wenzangu wanaingia kwenye mikopo ya kausha damu ili walipe kodi, kisha wanamlipa mkopeshaji kila wiki kwa riba ya kutisha. Kumbe kulipa kidogo kidogo tunaweza, na tunalipa sana, ila faida anakula mkopeshaji. Kadi ya benki ya mtu ipo mkononi mwa mwingine, halafu afisa elimu anashangaa mwalimu kuingia darasani amenuna.

Mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu aliniambia ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Aliyeifuta sina hakika kama amewahi kupanga. Siku hizi kinachotulinda ni mkataba, na mkataba wenyewe anauandika mwenye nyumba, wewe kazi yako kusaini. Nilipita ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama kuna msaada. Bwana niliyemkuta mezani akanijibu, "Mwalimu, mali ni yake," kisha akanikumbusha nikipata nyumba nilete mkataba agonge muhuri, na muhuri una ada.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, hata Uhuru haujakauka wino, kwa sababu wakubwa wa wakati ule waliona mfanyakazi lazima alale mahali. Leo mkoa huu una watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, na mwalimu anatafutiwa pa kulala na kijana mwenye simu na picha za kuazima. Viongozi hawajanyamaza, tuwatendee haki. Kila baada ya muda mmoja wao husimama jukwaani akasema kodi ilipwe kwa mwezi, anapigiwa makofi, anapanda gari, tunarudi kutafuta miezi sita. Sishangai. Wengi wao ndio wenye nyumba zenyewe.

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, kuna hili la kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mimi. Tulipolalamika tukaambiwa tuelewane na wenye nyumba. Jaribu wewe kumwambia mwenye nyumba aliyekupa notisi kwa simu kwamba unamdai 1,500! Fedha ni ndogo, najua. Kinachonikera ni kwamba kukata kwenye mita yangu serikali haikuhitaji kikao wala maelewano, ilikata tu. Kumwambia mwenye nyumba apokee kodi ya mwezi mmoja ndipo inakuwa mali ya mtu binafsi, haiingiliwi.

Mhariri, mwisho wa mwezi hauko mbali na namba yangu ya simu nimekuachia. Kama kuna msomaji mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi mitatu na hana swali kuhusu baba wa watoto, mpe. Dalali asipige.

Mwalimu Mpangaji,
Dar es Salaam