Upweke Haulei Mwandishi

Katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ndefu mwaka 1945. Aliiandika kwa Kikerewe, ili mila na desturi za wahenga wake zisizikwe pamoja nao. Kitabu hicho, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kilitoka mwaka 1980 kwa Kiswahili, baada ya mwandishi kuifasiri kazi yake mwenyewe, nacho kikachapishwa na Tanzania Publishing House. Mswada ulingoja miaka 35. Mzee alifariki mwaka 1981, na yasimuliwa kwamba nakala za kitabu hazikuwahi kumfikia mikononi.

Katika kisiwa hichohicho, kijijini Namagondo, alizaliwa mwaka 1944 mtoto aliyeitwa Euphrase Kezilahabi. Mtoto huyo alikua, akasoma, akafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ikatoka. Basi aliyekuwa mtoto wa kubebwa mgongoni wakati mzee akihitimisha kazi yake, ndiye aliyetangulia kuchapishwa, tena kwa miaka 9.

Twauliza: tofauti ya watu hawa wawili ilikuwa nini? Walizaliwa katika vizazi mbalimbali, lakini walilelewa na ziwa moja na watu wamoja. Hakuna awezaye kusema kwamba mmoja alikuwa na kipaji na mwingine hakuwa nacho, maana leo vitabu vyao vyote viwili vyahesabiwa miongoni mwa riwaya kubwa za nchi yetu. Wako watakaojibu kwamba tofauti ilikuwa lugha: kijana aliandika kwa Kiswahili, chenye wachapishaji na wasomaji wengi, naye mzee aliandika kwa lugha isiyokuwa na mchapishaji. Jambo hilo ni kweli, wala hatulipuuzi. Lakini lugha peke yake haimalizi maelezo. Kijana alikuwa na walimu wa fasihi, maktaba, na vijana wenzake waliosoma vitabu vilevile na kubishana juu yake usiku na mchana. Mzee alikuwa na nani? Alikuwa na padri mmoja kutoka Kanada aliyemtia moyo, akafa. Na baada ya miaka mingi wakaja watafiti wawili kutoka Marekani waliomhimiza aifasiri kazi yake. Wote walikuwa wageni, na wote walipita njia. Chama cha waandishi kilichoketi karibu naye, kikasoma sura baada ya sura na kuulizia habari za mswada kwa niaba yake, hakikuwako.

Hiyo ndiyo hoja yetu. Mikoa yetu haikosi vipaji. Inakosa wenzi wa kazi. Na maadamu hatujaujenga umoja huo sisi wenyewe, tutaendelea kumzika mwandishi kabla ya kumsoma.

Pana maneno mawili yanayosemwa mara kwa mara ili kuhalalisha uvivu huu. La kwanza ni kwamba mwandishi huzaliwa, hafundishwi. La pili ni kwamba mwandishi wa kweli, popote alipo, atajitafutia njia hadi Dar es Salaam. Maneno yote mawili tunayapinga.

Tuanze na la kwanza. Hakuna fundi seremala aliyezaliwa na randa mkononi. Mwanagenzi hukaa karakanani, hushika mbao, huharibu, huonywa, hurudia, mpaka mkono wake umezoea. Kwa nini tunadhani kwamba kalamu ni kitu cha namna nyingine? Washairi wetu hawakudhani hivyo hata siku moja. Mwaka 1954 Amri Abedi, mwana wa Ujiji, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, akaeleza vina na mizani ili anayetaka kujifunza ajifunze. Kama ushairi ungekuwa wa kuzaliwa nao tu, sheria hizo zingekuwa za nini? Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, Dodoma, mbali na pwani tuliyoambiwa kuwa ndiyo mama wa ushairi. Alijifunza kanuni za ushairi mpaka akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na ngonjera zake zikaenea katika shule za nchi nzima. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake mwaka 1969. Kipaji alikuwa nacho, lakini bila ya kujifunza na bila ya chama kipaji hicho kisingefika mbali hivyo.

Neno la pili ni baya zaidi, maana limevaa joho la haki. Lasema: njia iko wazi kwa kila mtu, aliye bora atafika. Lakini njia hiyo ina nauli. Wachapishaji wetu wengi wako Dar es Salaam. Mwalimu wa Kibondo, mvuvi wa Mafia au mkulima wa Namtumbo mwenye hadithi daftarini atafika vipi? Atapeleka mswada, atangoje, wala hatajibiwa. Sisi tunaoandika haya tumeyaonja. Tumepeleka kazi zetu, tukangoja masika mawili, tusiambiwe hata kwamba ni mbaya. Kuambiwa kwamba kazi ni mbaya, na kwa sababu gani, ni msaada mkubwa. Kimya ndicho kinachoua.

Tena, ni uongo kusema kwamba utamaduni wa kutunga pamoja ni mgeni kwetu. Karibu na ziwa hilohilo la Kitereza, Usukumani, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vimeshindana kwa vizazi na vizazi. Kila upande una manju wake, kila upande huandaa nyimbo na mitindo ili kuwavuta watazamaji, na umati ndio unaoamua. Wale hawangoji semina. Huko Unguja, Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na mpaka leo ni klabu hai ya taarabu, kwa sababu vijana huingia, hujifunza kwa wakubwa, na mazoezi hayakatiki. Hata washairi wa magazeti walikuwa na umoja wao. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mshairi wa mji mmoja alitupa fumbo, na wa mji mwingine akalifumbua. Mmoja akikosea mizani, mwenzake alimwonya mbele ya umma. Lilikuwa darasa lisilo na kuta. Basi ikiwa mcheza ngoma ana chama, na mwimbaji ana klabu, mwandishi wa hadithi na tamthiliya kwa nini aachwe peke yake na kibatari chake?

Watu watatuambia kwamba yako mengi yanayofanyika. Ni kweli, nasi tunashukuru. Tangu mwaka 2023 imekuwa ikitolewa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo imewapa moyo waandishi wengi. Lakini tuzo, kwa asili yake, huchagua wachache. Huwatazama walioiva. Haiwezi kuwa shamba la miche. Anayetaka washindi wengi miaka 10 ijayo hana budi kuwatunza leo wale ambao bado hawajui kuijenga sura ya kwanza.

Semina nazo tunazijua. Mgeni huja siku mbili, hufungua mkutano kwa hotuba, husema kwamba fasihi ni kioo cha jamii, washiriki hupiga picha, hutia sahihi kwenye karatasi ya posho, hupewa vyeti, hutawanyika. Mwezi wa pili hakuna aliyeandika ukurasa. Hatusemi kwamba semina zifutwe. Twasema kwamba semina isiyoacha nyuma yake chama kinachokutana ni mvua ya siku moja juu ya mwamba. Simu za mkononi pia zimepunguza umbali, lakini hazijapunguza uvivu: kwa simu hongera hufika upesi, na sahihisho halifiki kabisa.

Hata hivyo, haifai kuwanyoshea wengine kidole tukajisahau. Sisi waandishi wa mikoani tuna magonjwa yetu. Tunaficha miswada kwa kuogopa kuibiwa, mpaka mchwa wakawa wasomaji wetu wa kwanza. Tukisomewa kazi ya mwenzetu tunasifu ili na yetu isifiwe. Akitokea mmoja wa kukosoa kwa haki, tunamwita mwenye wivu. Na akipata mmoja wetu kuchapishwa, huupandisha mkono wake ngazi na kuivuta ngazi juu. Kwa tabia hizi, hata tukijengewa jumba la waandishi katika kila mkoa, litakuwa jumba la kunywea chai.

Sasa tufanye nini? Twapendekeza jambo dogo linalowezekana. Kila wilaya iwe na chama cha uandishi, na makao yake yawe katika shule ya sekondari. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule hizo zimefika katika kata nyingi mno. Darasa liko, ubao uko, madawati yako, na Jumamosi alasiri hayana mtu. Chama kikutane mara moja kila mwezi. Kila mkutano mwandishi mmoja au wawili wasome kazi zao kwa sauti. Mwandishi akisha kusoma, anyamaze. Wenzake waseme mambo matatu: lugha yake imekuwaje, mpango wa kisa umesimama au umeyumba, na maisha anayoyaeleza ni ya kweli au ya kuokoteza. Hapana sifa tupu, hapana matusi. Aandike yote katika daftari, na arudi baada ya miezi miwili na kazi iliyoandikwa upya. Mtu asiyekuwa tayari kuandika upya hajawa tayari kuwa mwandishi.

Nakala ya kila kazi iliyokamilika iwekwe katika maktaba ya shule, yenye jina la mwandishi na tarehe. Hivyo hofu ya wizi itapungua, maana wanachama wote ni mashahidi, na mswada hautapotea kwa moto au kwa kifo. Afisa Utamaduni wa halmashauri awe na orodha ya kazi hizo, na chama, si mtu mmoja mnyonge, kiandike barua kwa mchapishaji na kudai jibu. Barua ya mtu mmoja ni rahisi kuitia kapuni. Barua ya chama chenye muhuri, mwalimu mkuu na wanachama 20 ina uzito mwingine.

Wapo watakaouliza: je, huku si kuleta umkoa, kuigawa fasihi ya taifa vipande vipande? Sivyo. Utamaduni wa taifa haushuki kutoka juu kama mvua. Hupanda kutoka chini kama maji ya kisima. Riwaya ya Kitereza ilipofasiriwa haikuwa ya Wakerewe peke yao tena. Ilikiongezea Kiswahili maisha ya wavuvi na wakulima wa kisiwani, posa zao, tiba zao na ugeni wao, mambo ambayo mwandishi wa pwani asingeweza kuyatunga. Ilikuwa zawadi ya kisiwa kimoja kwa Watanzania wote. Kinachogawa taifa ni kule kuamini kwamba mji mmoja ndio wenye haki ya kusema na mikoa mingine ina kazi ya kusikiliza tu.

Wengine watasema hakuna fedha. Tumeorodhesha mahitaji ya chama hiki: chumba ambacho tayari kiko, daftari, kalamu, na watu wasioona haya kusahihishwa. Kinachohitaji fedha ni uchapaji, nao huja baadaye. Tukianza kwa kudai fedha tutabaki na madai. Tukianza kwa kazi, tutakuwa na kitu cha kuonyesha siku tutakapodai.

Mzigo mkubwa zaidi wa kazi hii umo mabegani mwa walimu, nasi twalisema hili tukijua kwamba mwalimu hakosi mizigo. Lakini ni nani mwingine anayekutana kila siku na vijana 40 wanaoandika? Insha za darasani husahihishwa kwa wino mwekundu, hupewa alama, hutupwa. Mwalimu aitoe insha moja iliyo bora katika rundo hilo, amwite mwenye nayo, na amwambie: hii si ya mtihani tu, iendeleze, njoo Jumamosi utusomee. Na mwanafunzi usingoje kuitwa. Kama una mwenzako mmoja anayependa kusoma, ninyi ni wawili, na wawili wanatosha kuanza. Someaneni. Ambianeni ukweli. Mtafuteni mzee wa kijiji anayejua hadithi, naye mketisheni kati yenu, maana yeye ni maktaba isiyokuwa na nakala ya pili.

Kitereza alimaliza kazi yake peke yake, na ushujaa huo tunauheshimu. Lakini taifa halipaswi kujengwa kwa kutegemea mashujaa wa namna hiyo, wala hatuna haki ya kumdai kila mwandishi awe na subira ya miaka 35. Huenda wakati huu, katika kijiji fulani cha Rukwa, Lindi au Pemba, yupo mtu mwenye daftari chini ya mto wa kulalia. Hajui kama alichokiandika kinafaa, maana hajapata mtu wa kumwonyesha. Waandishi, walimu na wanafunzi wa mahali hapo, mtafuteni, mkae naye, mlisome daftari lake angali hai.