Waya wa Mita 10 kwa Redio ya Bibi



Nyumbani kwetu yumo bibi aliyepungukiwa na nuru ya macho. Hashiki simu wala hatazami runinga. Mwenziwe ni redio. Tangu nyumba ya makuti ibomolewe tukajenga ya zege, redio ile ikawa yavuma tu, kwani kuta zenye nondo huyadhoofisha mawimbi. Tulimwona mzee akizidi kunyamaza, hata habari za dunia haulizi tena. Ndipo tulipoazimia kumtundikia waya nje.

Mawimbi mafupi, yaandikwayo SW kwenye redio, hupaa hadi tabaka za juu za anga zilizotiwa chaji na miale ya jua, yakarudishwa ardhini mbali mno na yalikotoka. Kwa njia hiyo wazee wetu wa Pwani waliisikiliza Cairo na London wakiwa barazani. Usiku husikika vyema bendi za mita 49 na 41. Mchana heri 19 na 16.

Tulinunua waya mwembamba wa shaba uliovikwa plastiki, na kamba ya nailoni. Kila ncha ya waya tuliifunga kwenye kipande cha chupa ya plastiki, kisha kipande kwenye kamba, ili waya usiguse bati wala mti. Upande mmoja tulifunga ukutani, juu ya dirisha la bibi. Upande wa pili kamba ilipita juu ya tawi la mwarobaini, na mwishowe tukaning'iniza jiwe: Kusi ikitikisa mti, jiwe hupanda na kushuka, waya usikatike. Karibu na dirisha tuliunga waya mwingine, ukaingia ndani. Ncha yake tuliichuna, tukaibana kwa kibanio kwenye mlingoti wa redio ya betri.

Tamaa ilituponza. Tulianza na mita 25, vituo vikapandana, Kiarabu juu ya Kichina, kwani redio ndogo hulemewa na mawimbi mengi. Tulipopunguza hadi mita 10 sauti zikatengana.

Kina mama, hili msiwaachie vijana peke yao. Wetu alitaka kuuvusha waya juu ya nyaya za umeme ili upate urefu, tulimteremsha upesi. Waya ukiangukia umeme huua. Usipite juu yake, chini yake, wala karibu nao. Na wingu la mvua likianza kutanda, tenganisheni waya na redio, mtoe ncha nje ya dirisha. Radi ikishasikika mmechelewa, msiuguse tena. Chumvi ya bahari nayo hula shaba, kwa hiyo kiungo cha nje tunakikwangua kila baada ya miezi michache.

Uliobaki ulikuwa mngurumo uliokuja na kwenda. Sisi tulihangaika na waya. Bibi, asiyeona, ndiye aliyetambua kwamba huanza kila wajukuu wanapochaji simu. Baadhi ya chaja, na baadhi ya taa hizi za kisasa, hutoa kelele iingiayo redioni.

Sasa baada ya Isha chaja zote huchomolewa kwa amri yake, na asubuhi ndiye atupaye habari.